Jani la Sale

Juzi, kwenye stesheni ya mjini karibu na bandari, niliona masale yamepandwa vyunguni. Nikasimama pale mpaka watu wakaanza kunipiga vikumbo.

Mchana ule nilipokuwa mtoto, stesheni hiyohiyo ilinuka vyuma vya moto na samaki wa soko la Feri. Mama alikuwa amegombana na Baba, akanishika mkono tukapanda treni, tuwahi kivuko cha kwenda kwao Kigamboni. Tuliposhuka tu, Baba akatokea mbio. Alikuwa Mchaga, ameacha duka lake Kariakoo wazi, shati limelowa jasho. Akamnyooshea Mama jani refu la kijani.

“Mama Neema, pokea.”

“Jani la nini tena?”

“Pokea tu.”

Mama akalipokea, akainama, akanifutia nalo tope viatuni, kisha akalitupa relini. Baba akalitazama, akageuka, akaondoka. Hakutufuata tena.

Siku hizi najua kwamba kwa Wachaga jani la sale ndilo huomba msamaha, na anayelitupa amekataa kusamehe. Mama amezikwa bila kulijua hilo.

Mimi siku ile kivukoni nilivitazama viatu vyangu njia nzima, nikifurahi kwamba Baba alitukimbilia kote kule ili nifike kwa bibi nikiwa safi.