Swichi Niliyoinyamazisha Siku ya Ijumaa

Naitwa Saif, fundi wa mitandao. Nimezaliwa mtaa wa Kuze, nakaa Tononoka, na mwaka wa kumi na mbili huu nawaungia watu wa mjini mtandao maofisini mwao. Kazi naijua. Tabu yangu ni kwamba napenda ijulikane kuwa naijua.

Nyumba yetu ya Kuze ina sehemu tatu zinazotumia mtandao. Chini pana Ami Jamaldin, mshoni wa kanzu, aliyekuwapo kabla sijazaliwa. Ghorofa ya kati ni madrasa. Juu anakaa dadangu Nasiha na wanawe wawili, tangu alipoachwa na mumewe. Nasiha anasomesha tajwidi, na akisoma Kurani dirishani wapita njia husimama. Lakini miaka mitatu amekula cha ndugu, na kila nikimpelekea mfuko wa unga huupokea ameinamisha macho. Mwaka huu shule moja ya Uingereza ikatafuta mwalimu wa kuwasomesha wasichana kwa njia ya mtandao. Wakabakishwa watu wawili, Nasiha mmoja wao, na mahojiano yake yakapangwa Ijumaa, saa saba u nusu mchana. Wiki nzima alikuwa akinyosha buibui lake la Idi.

Mtandao wa nyumba ile ulikuwa wa kukatikakatika. Dawa yake ilikuwa kubadilisha waya mmoja, na nilijua ni upi. Lakini nani atanisifu kwa waya mmoja? Ofisini kwetu palikuwa na swichi kuukuu, kile kisanduku cha kugawa mtandao, cha aina inayosimamiwa kutoka mbali. Kilikuwa na matundu ishirini na manne, nasi haja yetu ni matundu matatu. Nikakiomba, nikapewa, nikakibeba mchana kweupe kupitia vichochoro vyote vya Kuze ili watu waulize ni nini. Watatu waliuliza, na nikawaeleza mpaka wakajuta.

Jumamosi nikakifunga chini ya ngazi pamoja na betri ya akiba. Nikakipa anwani na neno la siri refu ambalo mwenyewe nimelisahau mara mbili. Nikakifundisha kunipasha habari kwa simu: waya ukichomoka niambie, joto likizidi niambie, stima ikipotea niambie, na wewe mwenyewe ukinyamaza, kompyuta yangu ya Tononoka itaniambia. Kwa mlio nikachagua king'ora cha ambulensi.

"Sasa kikiharibika kitu hapa," nikamwambia Nasiha, "mimi nitajua kabla yako."

Nasiha akatabasamu, akaniletea chai.

Sasa, Ami Jamaldin zamani aliwahi kwenda kuswali akaacha pasi inawaka, akarudi akaikuta kanzu ya bwana harusi ina tundu la kupitisha kichwa cha pili. Tangu siku hiyo, akisikia adhana huzima stima kwenye mita iliyomo dukani mwake, akafunga duka, na mita ile ni ya nyumba nzima. Hurudi baada ya nusu saa akaiwasha. Sote tumezoea, hata hatuoni kwamba ni jambo la kuzungumzwa. Swichi yangu ndiyo iliyoona. Jumapili alasiri nimo katika sijida msikitini kwetu Tononoka, king'ora kikalia mfukoni. Magharibi kikalia tena. Isha tena. Jumatatu adhuhuri imamu alipotoa salamu aligeuka, akasema kwa upole kwamba mwenye mgonjwa na awahi hospitali, sala ataikuta.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Ami Jamaldin akamwambia, "Ami, tafadhali usizime ya nyumba nzima." Kwani ni maneno mangapi? Nami nilikwenda kweli. Nikamwamkia, akaniuliza hali yangu, na ya Mahfudha mke wangu, na ya watoto, na ya kazi. Nikanywa kahawa vikombe vitatu. Tukaizungumza harusi ya jirani yetu Khubaib tangu posa hadi pilau. Kisha nikaaga. Mtu aliyenishonea kanzu yangu ya kwanza nitamwambiaje kwamba mazoea yake yananiudhi? Nilimwonea haya, na leo nasema waziwazi kwamba haya ile nusu yake ilikuwa woga.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikakaa siku mbili nikiandika amri za kunyamazisha habari zote nyakati za sala. Kumwambia mzee sentensi moja nilishindwa, lakini mistari thelathini na moja niliiweza. Ijumaa, kwa kuwa msikiti hufurika na aibu yake ni kubwa zaidi, nikaweka kimya kuanzia saa sita hadi saa tisa. Kuzima simu tu? Fundi hazimi simu.

Ijumaa hiyo niliswali Kuze, hatua chache kutoka nyumbani. Simu haikulia hata mara moja, nami nikamshukuru Mola kwa elimu aliyonipa. Baada ya sala sikupita kwa Nasiha nisije nikamkatiza mahojiano. Nikaenda kwa rafiki yangu kula biriani, nikamweleza habari za swichi.

Saa tisa kamili king'ora kikalia. Ujumbe ulisema swichi ilinyamaza saa saba na dakika saba, ikajibu tena saa nane u nusu.

Nikaondoka mbio mkono haujaoshwa. Siku ya Ijumaa, kumbe, Ami Jamaldin huzima stima akaondoka saa sita apate safu ya mbele, na kutoka msikitini hupita kwa bintiye kula, harudi mpaka saa nane na kitu. Betri yangu ilijikaza saa moja, ikafa. Nasiha nilimkuta mezani ndani ya buibui lake la Idi. Alikuwa amejaribu kwa simu, lakini ndani ya kuta zile za mawe picha iliganda, wakamsikia nusu aya. Wamemwandikia: wanamshukuru, wameendelea na mwenzake.

Nikaanza kumweleza mambo ya betri na ratiba ya kimya. Akaniinulia mkono.

"Kakangu, nieleze kitu nitakachofahamu."

"Nilimwonea haya Ami Jamaldin," nikasema.

Nikashuka, nikamwambia mzee yote. Aliitua kanzu aliyokuwa akiitia tarizi, akanitazama.

"Basi ni hilo tu? Pasi ina swichi yake hapa ukutani. Nitazima hiyo. Mficha uchi hazai, mwanangu."

Nikapanda kumwambia Nasiha kwamba yamekwisha, hayatatokea tena. Alikuwa amelivua buibui, analikunja.

"Niliuona mtandao ulipokatika," akasema. "Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tatu. Na nilijua uko msikiti wa hapa pamoja na Ami na ufunguo wake, watu ndio kwanza wanatoka."

"Mbona hukunipigia?"

"Ulikuwa umefurahi mno na kitu chako. Nikaona nikikupigia nitakuvunja moyo. Simu nilikuwa nayo mkononi, Saif. Nikakungoja."