Mabango ya LaVonne

Mpaka leo LaVonne Haverkamp hajaelewa vizuri kilichomkuta. Mimi ni jirani yake, nilimpigia kura, na mwenyewe nimechanganyikiwa vilevile.

Miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya mji wetu wa Orvell, hapa Iowa, Marekani. Kila Alhamisi alipika mchuzi mzito wa nyama na maharage, akautoa pamoja na mkate wa mdalasini wenye sukari juu, na watoto wakauchovya mkate mchuzini. Watu wa kuja hutushangaa sisi wa Iowa kwa mlo huo. Shauri yao. Kisha bodi ya shule ikaanza kunong'ona kwamba Orvell ifungwe, watoto wapelekwe mji wa jirani kwa basi. LaVonne akavua aproni, akagombea kiti kwenye bodi hiyo, maana kwetu wajumbe wake huchaguliwa kwa kura. Kazi ilibidi aiache, maana mwajiriwa wa shule hawezi kukaa kwenye bodi. Alishinda, na kura yake ndiyo iliyoinusuru shule.

Muhula ulipokwisha akagombea tena. Safari hii alipata mpinzani, Darrell Stumme, bwana mpole anayewaondolea watu theluji mlangoni bila kuombwa. Alipoulizwa kuhusu kufungwa kwa shule, Darrell alijibu kwamba ataangalia hali. Kwetu hakuna anayeuliza swali la pili. Ni kukosa adabu.

Nikamwambia LaVonne, "Shoga, waambie watu waziwazi. Ukitoka wewe, shule inafungwa."

"Aa, wataona nawatisha. Halafu najisifu. Si wananijua?"

"Wanakujua kwa mikate!"

"Basi si vizuri hivyo?" akacheka.

Na kweli mabango yenye jina lake yalijaa kwenye bustani za watu mji mzima. Ardis, mwenye saluni, alichomeka mawili. LaVonne alilala usiku wa uchaguzi akijua ameshinda, akaamka ameshindwa vibaya. Kura zake hazikufikia hata idadi ya mabango.

"Labda wamesoma majina kinyume," aliniambia, simu bado mkononi.

Asubuhi hiyo watu wakaanza kuja na vyakula kama wanaokuja matangani. Wanamkumbatia, wanampa pole, lakini nyuso zao zina furaha isiyofichika. Ardis alileta bakuli la viazi vya jibini.

"Pole, mama, pole sana. Sasa unarudi lini?"

"Narudi wapi?"

"Jikoni, jamani! Huyu mpishi mpya anawalisha watoto vitu vya kwenye mifuko. Mjukuu wangu anarudi nyumbani tumbo limeshikana na mgongo. Na wewe ukiwa kwenye bodi huwezi kupika. Tukasema tukupumzishe."

LaVonne alikaa kitini polepole. "Mmeninyima kura ili nipike?"

"Kwa mapenzi! Nani angeweza kukwambia usoni? Ungeumia."

"Na mabango yako?"

"Bango ni heshima, mama. Kura ni kura."

Nilikasirika. Nilitaka kusema asante ya punda ni mateke, ila hili halikuwa teke, lilikuwa kumbatio. "Darrell ataifunga shule," nikasema. "Mlimuuliza?"

"Tungemuulizaje? Anatuondolea theluji."

Wengine huponzwa na mdomo. Sisi wa Orvell tuliponzwa na kunyamaza. Darrell aliingia kwenye bodi, akaangalia hali, akapiga kura ya kufunga. Alituomba radhi mmoja mmoja, na sisi tukamwambia hapana neno.

Alhamisi ya mwisho kabla ya shule kufungwa, LaVonne aliomba jiko kwa siku moja. Mji mzima ulipanga foleni hadi nje. Kila aliyefika mbele alimwambia, "Tulijua tu utarudi." Alipakua mchuzi, akaniinamia mimi niliyekuwa nikigawa mkate kando yake: "Hivi hawa wananipenda au hawanipendi?" Nikaweka mkate kwenye sahani iliyofuata.

Ardis akarudi na sahani tupu, sukari mdomoni. "Mama, Alhamisi ijayo nitakuja mapema."

LaVonne akaweka upawa chini. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akimwambia mtu jambo bila kulizungusha.

"Ardis, hakuna Alhamisi ijayo. Mlipiga kura nirudi jikoni, na jiko ndilo mlilolifunga."

Ardis alitabasamu kwa adabu, kisha akanigeukia mimi, akisubiri nimwambie kwamba LaVonne anatania.