Hesabu Iliyoandikwa Ndani ya Mashua

Watu wakisema Waingereza ndio waliotufundisha kuweka kumbukumbu, mimi huondoka barazani nisije nikatukana mtu. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua huku kwenye visiwa vya delta, na kumbukumbu alikuwa nazo. Aliziandika kwa mkaa, kwa herufi za Kiarabu, kwenye mbao za ndani ya chombo chenyewe: gogo hili limetoka mto gani, limekatwa kwa kibali kipi, nani kalipasua. Mwenye mashua akija kukagua, anainama humo humo na kusoma. Siku ya kushua, ndani hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, maandishi yanafutika, na hapo kazi imekwisha. Ndivyo alivyofanya babu, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mwaka mmoja karani wa misitu alitangulia kuja kukagua. Ni mwenzetu, kasoma Kurani chuoni kama sisi, na herufi zile anazijua vizuri. Akaingia ndani ya mashua, akasoma ubao kwa ubao, akala wali wetu kwa samaki wa nazi, akamwambia baba, "Mambo safi, fundi. Paka sifa yako, ushue." Baba akapaka.

Kesho yake akaja na Bwana Misitu. Mzungu akauliza hesabu ya magogo iko wapi, ajue kama hakukuibwa mti. Baba akamnyooshea karani kidole: huyu hapa kaisoma jana. Karani, macho makavu, akasema hajaona maandishi yoyote. Mama alikuwa na upawa mkononi. Nikaomba kimoyomoyo amrushie. Hakumrushia.

Sijui alimwogopa Mzungu wake, au aliona haya kusema kwamba aliiamini hesabu ya mkaa. Wala sitaki kujua. Alitutilia mchanga kitumbua chetu akiwa ameshiba chakula chetu.

Mashua ikachukuliwa, kibali cha baba cha kukata miti kikafutwa. Akaambiwa atie sahihi kwenye karatasi kwamba amekubali. Baba akashika kalamu, akaandika jina lake kwa herufi anazozijua, kutoka kulia. Bwana Misitu akatikisa kichwa. Karani akalikata jina kwa mstari, akamshika baba kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino na kwenye karatasi, kisha akatusomea kwa sauti alichokiandika chini yake: mwenye alama hii hajui kusoma wala kuandika.