Saa Nane ya Ng'ambo

Mama yangu alizikwa kijijini kwetu Ngana saa nane mchana, na hasira niliyotoka nayo makaburini ninayo mpaka leo.

Mdogo wake wa tumbo moja ameolewa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Ukisimama uani kwake unauona moshi wa jikoni kwetu. Kiangazi yeye na mama walikuwa wakivuka kwa miguu, sketi wamezikunja, kwenda kuombana chumvi. Lakini zamani Mjerumani na Mwingereza walikaa huko kwao Ulaya, wakaamua mto huu uwe ukuta. Baadaye hata saa zikagawanywa. Kwetu ikiwa saa tisa, kwao ni saa nane. Maji ya kuvuka kwa hatua hamsini yana saa nzima ndani yake!

Tumezoea. Mtu wa huku akipanga jambo na mtu wa kule husema "saa yetu" au "saa yenu", hata kama ni habari ya kununua mchele.

Kwenye maziko hatukuwa na haja hiyo. Maiti ilisubiri ndugu. Mdogo wa marehemu huja na shuka, hulitandaza juu ya jeneza kwa mkono wake, ndipo udongo unaanza kushuka. Tulipanga kuzika jioni ili mama mdogo, aliyekwenda mjini upande wa kwao kununua shuka hilo, afike.

Asubuhi akaingia mkubwa mmoja wa ukoo wetu, tajiri wa Dar es Salaam, aliyenunua jeneza na ng'ombe wawili. Alikuwa na ndege ya jioni. Akatazama mkononi, akasema, "Tuzike saa nane."

Wazee wakaitikia, "Ndaga, ndaga," wakimshukuru kana kwamba ametuletea mvua. Wazee haohao hunigombeza nikichelewa kusalimia! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikampigia mama mdogo simu.

"Mama, imekuwa saa nane."

"Saa nane. Nitakuwepo, mwanangu."

Sikusema saa ya nani. Mimi niliyezaliwa mpakani nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa Kasumulu, pale penye kituo cha forodha, halifanyi. Siku ile kichwani mwangu ilikuwepo saa moja tu, ile iliyong'aa mkononi mwa yule tajiri.

Saa nane ikafika bila mama mdogo. Nikaomba tusubiri kidogo.

"Watu wa Malawi hawajui kuwahi," tajiri akasema, na watu wakacheka. Kwenye msiba wa mama yangu, wakacheka. Udongo ukashuka.

Mama mdogo alifika watu wanakula wali, gari la tajiri limeshaondoka. Alikuja anakaza mwendo, shuka jeupe kichwani, limekunjwa vizuri. Akaliona tuta. Akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, si ulisema saa nane? Haijafika hata saa nane."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Alipiga magoti akaanza kufukua kwa vidole mpaka wanawake wakamshika. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alininyooshea shuka.

"Shika. Dada yangu kalala bila kufunikwa, na mimi nimewahi."

Shuka lipo kabatini kwangu, na mikunjo yake ileile. Nilisikia baadaye kwamba ndege ya yule tajiri ilichelewa kuondoka, naye aliisubiri bila kulalamika.