Bi Mwanakhamis Naye Anataka Kusikilizwa

Saa tatu asubuhi, ndani ya ghala moja la karafuu huko Malindi ya Visiwani, Bi Mwanakhamis ameketi juu ya kasha, na mbele yake kuna kasha jingine tupu.

"Sichana!"

"Naam!" Mwanamke mmoja anainuka kutoka kundi la wanaochambua vikonyo, vile vijiti vya karafuu, anakuja huku kaziba pua kwa upindo wa kanga.

"Haya, nambie. Wiki hii kuna nini?"

"Yale yale, Bi. Madirisha."

Bi Mwanakhamis anafumba macho. "Madirisha," anarudia, kama mtu anayetaja jino linalomuuma.

Mkaazi huyu wa Kikwajuni ndiye msimamizi wa wanawake ishirini wanaochambua karafuu hapa. Mapema mwaka huu wa 1956 meneja wake, Bwana Thuwaini, alimpa amri mpya: kila wiki akae na kila mfanyakazi peke yake, amsikilize. Kisha Alhamisi meneja naye akae na msimamizi, apokee habari.

"Niliona jambo la maana," anasema Bi Mwanakhamis. "Sikujua nnajitia kitanzi."

Siku ya kwanza Sichana alikuja keshafunga kifurushi chake, machozi yanamtiririka, akidhani anafukuzwa. Mwenziwe Tabia alipopata zamu yake, asubuhi nzima alikuwa akimsema mke mwenziwe.

"Nikamwambia, mwanangu, mie msimamizi, si kadhi!"

Polepole maneno ya kazi yakaanza kutoka, na yote yakaelekea pahala pamoja. Madirisha matatu ya upande wa bahari hayafunguliwi, na vumbi linawakaba. Khamisa, aliyekuwa mja mzito, alizimia juu ya karafuu, akabebwa na wenziwe mpaka nje.

Kila Alhamisi Bi Mwanakhamis akapanda ngazi za ofisini. Kila Alhamisi meneja alikuwa na mgeni, au na simu, au ndiyo kwanza kaletewa kahawa. "Siku nyengine, Bi," humwambia bila ya kuinua uso.

Wanawake nao wakamchoka. "Unatuchokoa maneno ya bure," Khamisa alimwambia aliporudi kazini. "Kama kusikia ndiko huku, bora usisikie."

"Lilinichoma neno lile," anasema Bi Mwanakhamis. "Lilinichoma kwa sababu ni kweli."

Wiki iliyopita alipanda tena. Bwana Thuwaini alikuwa na tajiri mmoja mnunuzi. Bi Mwanakhamis akavuta kiti, akaketi baina yao.

"Nna mgeni, Bi."

"Nnamwona. Naye asikie."

Akayasema yote, moja baada ya jengine. Meneja akajibu kwamba unyevu wa bahari utaharibu karafuu.

"Na Khamisa je? Yeye haharibiki?"

Mgeni akacheka. Meneja hakucheka. Lakini jioni ile aliteremka na seremala, na madirisha mawili yakafunguliwa, kwa sharti yafungwe kila adhuhuri.

La tatu, lililo juu ya pahala anapokaa Khamisa, bado limepigwa misumari.

"Mimi sitaki makubwa," anasema Bi Mwanakhamis. "Nataka dirisha lile, na nataka Bwana akae na mie kama alivyoniamuru nikae na wenzangu. Basi."

Leo ni Alhamisi. Karani kateremka kusema Bwana ana wageni.

Bi Mwanakhamis anajitanda buibui lake, anaikamata ngazi.

"Kamwambie aongeze kiti."