Aina Nne Zilizobaki Makutupora

Nikijumlisha vizuri, na nimejumlisha mara mbili, Jumamosi ile ilinigharimu jogoo mmoja, siku nzima ya biashara na heshima yote niliyojijengea kwa mama mkwe tangu niolewe. Naona aibu kusimulia, lakini bora mlisikie kwangu kuliko mlikute sokoni limeshatiwa chumvi.

Mimi nauza zabibu Area D, na jioni nasoma darasa la watu wazima, natafuta cheti cha kidato cha nne nilichokikosa nilipopata mimba ya Rehema. Aliyemwambia mume wangu aniache nisome ni mama yake mwenyewe, anayeishi kule Busi, Kondoa. Sasa Mwalimu Yona ana utaratibu wake: kila mwanafunzi anapewa mada, anasimama kuifundisha mbele ya darasa na ndugu walioalikwa, kwa Kiswahili ili wote waelewe, na asiyemaliza jina lake halipelekwi kwenye mtihani, anasubiri mwakani. Mimi nikaangukiwa na viwakilishi vya Kiingereza, aina nane. Nilijaribu kumwomba apunguze zibaki tano, akanijibu kwamba hapa si kwenye nyanya za kupunguziana bei.

Basi nikafanya tunavyofanya sokoni mzigo ukizidi mtaji wa mtu mmoja, nikatafuta wa kuchangia naye. Baba Kulwa, mkulima wa zabibu wa Makutupora ninayekaa naye dawati moja, akakubali kubeba nne: za kuuliza, za urejeshi, za kutendeana na zile zisizomtaja mtu dhahiri. Mimi nikabaki na za nafsi, za kumiliki, za kuonyesha na za kujirejea, na wiki inayofuata nami nimbebee nusu ya mada yake. Mwalimu hatukumwambia. Zile nne za Baba Kulwa sikuzigusa hata kwa macho (kwa nini nisome kitu ambacho mwenzangu ameshakisoma?), na hesabu hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Siku ikafika. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kondoa tangu jana yake, jogoo ameshaliwa, akakaa benchi la mbele na kanga yake safi. Nikatangaza kwa sauti kwamba aina ni nane, nikanyanyua na vidole nane ili mama avione, nikaanza: I, you, he, she, halafu mine na yours, halafu this na that huku naonyesha chaki na dirisha, halafu myself, na kila aina naitolea mfano wa Rehema na zabibu zake, mama anatikisa kichwa kwa raha, mimi natazama mlango. Simu ikatetemeka. Baba Kulwa ameandika kwamba zamu yake ya maji shambani imeletwa leo, nimsamehe.

Hapo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema, “Aina ya tano,” nikarudia zile za nafsi, ila badala ya Rehema nikamweka mume wangu. Ikapita. Nikaingia ya sita, mine na yours, safari hii za mbuzi.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Kiingereza hajui hata salamu, lakini amepima karanga maisha yake yote.

“Mama Rehema,” akasema taratibu, “hizo ulishazipima. Umezirudisha kwenye gunia, unazipima tena.”

Darasa lilivunjika mbavu. Mume wangu akaanza kukagua mabati ya paa. Mwalimu akaniuliza zile nyingine ziko wapi, na mimi kichwa kilishapata moto, nikamjibu, “Ziko Makutupora, mwalimu, zinamwagilia.”

Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akachukua kalamu na kulitafuta jina langu kwenye orodha ya mtihani alikate, na pale mimi sikucheka tena, maana mwaka ulikuwa unaondoka huku naona. Mama mkwe akainuka. Mwalimu akamwamkia shikamoo, naye akaipokea bila haraka.

“Marahaba, baba. Mwanangu ameleta nusu mzigo, lakini nusu yenyewe haijaoza. Mpe wiki mbili.”

“Jumatano, mama.”

“Jumamosi. Namleta mwenyewe.”

Mwalimu akaiweka kalamu chini. (Nimeolewa miaka mingi, sijawahi kumpenda mwanamke yule kama dakika ile.)

Mama mkwe hajarudi Busi. Kila asubuhi kabla ya chai ananikalisha kigodani na ungo wa karanga, nataja aina, anatenga karanga, nikirudia neno anairudisha. Tumefika saba, na sitachangia tena mzigo wa kichwani na mtu mwenye shamba. Kinachonitesa ni zile za kutendeana, nikishapata each other, one another inapotea. Kesho ndiyo Jumamosi. Mwenye njia ya kuzishika zote mbili zisimponyoke mbele ya mkwewe, naomba anielekeze kabla ya saa nne asubuhi.