Matapishi ya Kijani

Mwanangu wa kwanza alikuwa na wiki tatu alipoanza kutapika matapishi ya kijani. Mama mkwe alisema ni mchango, ugonjwa wa tumbo wa watoto, akamnywesha maji ya mizizi. Nilikubali, kwani yeye alikuwa amelea watoto tisa. Kesho yake tumbo lilivimba likawa gumu, na mtoto akaacha kulia. Ndipo tukapanda bodaboda kutoka Didia hadi hospitali, Shinyanga mjini.

Walimwingiza chumba cha upasuaji mara moja. Daktari alipotoka, aliketi nami kwenye benchi.

“Mama, utumbo mwembamba ulijisokota, damu ikashindwa kupita. Karibu wote umekufa. Nikiukata, hatabaki na utumbo wa kumfaa. Nimemshona tu bila kuukata.”

“Je, kama ningemleta jana?”

“Jana huenda tungeusokotoa, akapona.”

Mtoto alifariki siku iliyofuata mchana, nikiwa nimempakata. Mama mkwe alifika jioni, akanikumbatia akilia, akaniuliza daktari alisema nini.

“Alisema ni mapenzi ya Mungu,” nilimjibu.

Mpaka leo anaamini hivyo. Mimi ndiye ninayeijua ile jana.